Mkubwa Atangulie Kupanga

Meza yangu ya kukatia vitambaa ni kubwa kuliko kitanda chetu. Niliichongesha kwa fundi wa nyuma ya soko hapa Bariadi, nikamwambia nataka kitenge kizima kilale juu yake bila kukunjwa. Mchana meza hiyo hubeba sare za shule, magauni ya mahafali na suti za wazee wa kanisa. Jioni, cherehani ikishafunikwa, hubeba ng'ombe.

Ng'ombe wenyewe ni wa udongo, kila mmoja na ukubwa wa kidole gumba. Wana wachungaji wao, nao wa udongo, wenye njiti za kiberiti mikononi badala ya fimbo. Wateja wamezoea. Mama mmoja alikuja kuchukua sketi ya binti yake, akaniuliza iko wapi. Nikamjibu iko chini ya mlima, asubiri kidogo nimalize kuvusha dume. Akavuta kiti akasubiri, na baada ya muda akanishauri nipite kushoto.

Mume wangu ndiye aliyeuleta ugonjwa huu nyumbani. Yeye ni mwalimu wa hesabu sekondari, na alipokuwa chuo aliishi chumba kimoja na kijana aliyekuwa na mchezo wa vijimtu vya kijeshi. Unavipanga juu ya meza, unaweka vilima na kuta za maboksi, unapima hatua kwa futi, unarusha dadu kuona nani kapigwa. Alirudi na mchezo ule kichwani tu, maana vijimtu vyenyewe huku kwetu haviuzwi. Tukafinyanga vya kwetu kwa udongo wa lambo, lile bwawa la kunyweshea mifugo, tukavichoma kwenye jiko la mkaa. Nusu vilipasuka. Vilivyopona ndivyo vikawa jeshi letu, na futi tayari ninayo shingoni kila siku.

Tulikuwa tunacheza wawili tu mpaka baba mkwe alipokuja kuishi na sisi. Alikuwa kijijini Kimali na ng'ombe wake maisha yake yote. Asubuhi moja, mume wangu akiwa kule likizo, mzee alianguka zizini, na hospitali wakasema ni presha ya siku nyingi: kidonge kila siku bila kukosa, kliniki kila mwezi. Mama mkwe alishafariki. Shemeji yangu anayekaa na mifugo kule ni mtu mwema kabisa, lakini ni mtu wa kwenda mnadani na kurudi amesahau alichofuata. Kumwachia yeye vidonge vya mzee ilikuwa sawa na kumwachia mbuzi. Kwa hiyo mzee akaja Bariadi na begi, redio na uso wa mtu aliyefungwa bila kesi.

Sasa mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu mkwe wa kike na baba mkwe wake katika Usukuma si watu wa kupiga soga. Namsalimia nimepiga magoti, “Mwangaluka baba,” naye anaitikia akitazama pembeni. Siketi kwenye kiti chake, simkabili uso kwa uso, simwambii nataka hiki sitaki kile. Chakula nakiweka, naondoka. Tulikaa nyumba moja wiki nyingi tukiheshimiana hivyo, kila mmoja akisikiliza kikohozi cha mwenzake ili asikutane naye kwenye korido. Nilimpenda, ila sikuwa na mahali pa kulipeleka pendo lenyewe zaidi ya kwenye mlenda.

Siku moja mzee alipita mezani akasimama juu ya vita vyetu.

“Hawa wanagombania nini?” akamuuliza mwanawe.

“Kilima kile, baba.”

“Kilima kina nini?”

“Hakina kitu. Ni kilima tu.”

Mzee akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anakumbuka ada aliyolipa. Kisha akasema watu hawapigani kwa ajili ya kilima kitupu, wanapigana kwa ajili ya maji na malisho, akatoka nje. Kesho yake tulimkuta uani na bonge la udongo, anafinyanga ng'ombe. Wetu walikuwa wanafanana na mikate yenye miguu. Wake walikuwa na nundu, na pembe, na ile shingo ya dume linalojua kwamba linatazamwa. Alifinyanga kundi zima akitaja kila mmoja alimtoa wapi na alimpenda kwa nini. Tangu siku hiyo askari wakastaafu, na mchezo ukawa wa kunywesha. Hata mimi na mzee tukaweza kukaa meza moja, maana macho yote yalikuwa kwa ng'ombe.

Kanuni zake ni nyepesi. Katikati ya meza kuna lambo, kipande cha satini ya bluu. Kila mtu ana kundi lake upande wake, anatakiwa kulipeleka majini na kulirudisha nyumbani kabla ya mwenzake. Wachungaji wako wanaweza kuzuia ng'ombe wa mwenzio, hapo dadu ndiyo inaamua. Utamu wenyewe, lakini, uko kwenye vizuizi. Kila mchezaji ana mawe yake, ambayo hayapitiki. Ana boma la miiba, ana korongo la bitana nyeusi linalokula hatua zako zote. Ana shamba la pamba, kipande cha kaki nilichokibandika pamba ya kweli, na ng'ombe wako akiingia humo unakosa zamu, maana huku kwetu ng'ombe kwenye pamba ya mtu si jambo la kucheka. Na ana ngitili, kitambaa cha kijani, ile sehemu ya malisho inayofungwa mpaka kiangazi kikali. Hapo hakanyagi mtu.

Kabla ng'ombe hajainua mguu, basi, kuna kazi ya kupanga. Nani anachagua upande, nani anaweka vizuizi vyake wapi, nani anasimamisha wachungaji wake kwanza. Kule chuoni walikuwa wanarusha dadu kuamua nani aanze, kisha wanaweka kimoja kimoja kwa zamu. Mume wangu aliufuata utaratibu huo mpaka siku baba yake alipokaa mezani. Siku hiyo aliishika dadu mkononi akaiona nzito.

“Tutamrushia baba dadu?” akaninong'oneza. “Yaani dadu imwambie baba yangu asubiri?”

Haiwezekani. Hata kula kwetu mkubwa ananawa kwanza. Tukaamua kwa kauli moja, tena tukajiona watu wenye adabu sana, kwamba katika nyumba hii mkubwa atangulie. Mkubwa achague upande. Mkubwa aweke vizuizi vyake vyote, asibughudhiwe. Mkubwa asimamishe kundi na wachungaji wake anapopenda. Mdogo atafuata na vyake akishamaliza.

Hivyo mzee alimtangulia kila mtu. Mume wangu alinitangulia mimi, kwa kuwa ni mume na kanizidi miaka. Na mimi, mkwe, mtu wa chini kabisa, na mtoto wetu mgongoni, nilipanga mwisho siku zote.

Nilikuwa sishindiki.

Sijui niwaeleze vipi. Mimi ni mtu nisiyependa kushindwa hata kwenye foleni ya maji, na Mungu alikuwa amenipa meza ambayo kila jioni nainuka mshindi. Mume wangu na hesabu zake nilimpiga. Mzee na mifugo yake ya miaka yote nilimpiga. Nilianza kutembea tofauti. Wateja waliokuja kupimwa viuno niliwasimulia nilivyoliziba korongo jana. Nilimwambia mume wangu, bila aibu, kwamba huenda waliosoma walisoma sana lakini akili ni kipaji. Alisema sawa, fundi, na akaenda kusahihisha mitihani kwa kishindo.

Mzee kila jioni alikuja, akachagua upande wake kwa makini, akapanga mawe yake na boma lake kwa vidole vile vya mtu anayejua kazi, halafu akatazama wakati mimi naingiza vya kwangu kwenye kila mwanya aliouacha. Alishindwa na mimi, akashindwa na mwanawe. Mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha kucheka, akawa anashindwa kimya kimya, na kushindwa kimya kimya ni kubaya zaidi.

Nilijaribu kumwachia. Jioni moja nililipeleka dume langu kwenye shamba la pamba kana kwamba silioni. Mzee akaitoa mikono yake mezani.

“Mayu,” akasema, akiniita mama kama wazee wetu wanavyowaita wakwe zao, “ng'ombe wa huruma hatuli kwetu.”

Aliinuka akaenda kulala saa moja jioni. Nilibaki pale nimeshika futi, masikio yanawaka moto.

Siku chache baadaye akamwita mwanawe barazani. Mimi nilikuwa dirishani na cherehani, nikasikia kila neno. Alisema kichwa chake kimeisha. Alisema mtu aliyevusha makundi mwezi wa njaa, aliyekuwa anajua kundi la nani liko wapi kwa kutazama vumbi, leo hawezi kunywesha ng'ombe wa udongo kwenye meza ya mwanamke. Basi hana sababu ya kukaa mjini kumeza vidonge vya kulinda kichwa kisichokuwepo. Pamba ikishavunwa atarudi Kimali, akazeeke mahali ambapo mifugo inamjua. “Nimeamua,” akasema, na mzee wa Kisukuma akisema nimeamua kabla wengine hawajafungua mdomo, unafunga mdomo wako na kuitikia. Mume wangu akaitikia.

Nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia siku ile. Sote wawili tulijua maana ya Kimali. Vidonge vingesahaulika wiki ya kwanza, kliniki mwezi wa kwanza, na simu ingekuja siku yoyote baada ya hapo. Nilitaka kutoka nimshike mguu nimwambie asiende. Mkwe hafanyi hivyo. Nikafumua mkono, nikaushona upya.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katikati ya hayo mdogo wangu akaja kutoka kwetu Zagayu kujifunza cherehani. Ni binti wa miaka ishirini hivi, mcheshi, mla mkubwa wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, asiyejua tofauti ya bobini na kifungo. Siku ya pili tu akaitaka meza. Nikafurahi kupata nyama mpya. Na kwa kuwa mimi ni dada yake, mkubwa, nilitangulia kupanga.

Alinipiga.

Nikasema ni bahati ya mgeni. Tukarudia, akanipiga tena, huku anatafuna. Mara ya tatu nilikagua futi kama haijakatwa. Nikakagua dadu. Nilimwambia aache kutafuna mezani kwa sababu ananichanganya, akaacha kutafuna, akanipiga mdomo mtupu. Mume wangu alikuwa ameegemea mlango anakula raha. “Akili ni kipaji,” akasema. Mkuki kwa nguruwe! Nilimwambia mdogo wangu aende akalale, jua bado liko juu ya paa.

Usingizi kwangu ulikuja kwa shida. Asubuhi nikaamkia kazi kwa hasira, nina sare za kukata, nikatandaza kaki mezani. Ukikata nguo unalaza kwanza vipande vikubwa, mgongo na kifua. Hivyo vinalala popote, kwa sababu kitambaa bado ni kitupu na hujui bado utabanwa wapi. Halafu unakuja na vidogo, kola, mifuko, mikanda, unavipenyeza kwenye nafasi zilizobaki. Vidogo ndivyo vinavyofaidi kitambaa. Kipande cha mwisho ndicho kinachoona kila mwanya.

Mkasi ukabaki mkononi umefunguka.

Nikamwita mdogo wangu, nikasukuma kaki pembeni, nikamwambia leo atangulie yeye. Akapanga mawe, akapanga boma, akasimamisha kundi. Nikaja mwisho, nikaziona njia zake zote zimelala wazi, nikaziziba moja moja. Ng'ombe wake hawakulinusa hata lambo. Tukabadilishana, nikashindwa. Tukabadilishana tena, nikashinda.

“Dada,” akasema, “mbona kama anayetangulia ndiye anayevua nguo?”

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikahisi mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba sikuwa na kipaji chochote, na hilo liliniuma, sitasema uongo. La pili lilinipandisha furaha mpaka kooni: kichwa cha mzee hakikuwa kimekwenda popote. Tulikuwa tunamheshimu mpaka anashindwa. Kila jioni tulimkaribisha kwa adabu zote aanike mipango yake yote mezani, halafu sisi watoto wenye nidhamu tukampiga nayo.

Mume wangu aliporudi nilimweleza hata hajaweka begi. Alicheka, akapiga paja, akachora hesabu fulani kwenye karatasi akasema ni kweli, inaonekana wazi, anashangaa hakuiona. Kisha akaacha kucheka.

“Sasa nani atamwambia?”

“Wewe ni mwanawe.”

“Nimwambie nini? Baba, kuanzia leo wewe uwe wa mwisho?” Alinitazama kama nimemwambia amvue mzee kofia. “Na nimwambie kwamba heshima yetu ndiyo iliyokuwa inampiga? Si bora nimpige kwa fimbo?”

Tulizunguka hapo mpaka ugali ukapoa. Kumrushia dadu hatuwezi. Kumwomba asubiri ni tusi. Kumwachia ashinde tulishajaribu, tukaambiwa hawali ng'ombe wa huruma. Utu uzima dawa, mume wangu akasema, mzee atajua mwenyewe. Nikamwambia atajua akiwa Kimali.

Kwetu kuna maneno ya kumwambia huyu ili asikie yule, na wanawake tumejaliwa nayo. Kesho yake, mzee akiwa barazani na chai yake, nilikaa ndani kwenye cherehani nikampa mgongo kabisa, nikapaza sauti kwa mdogo wangu aliyekuwa mita moja tu kutoka kwangu.

“Hivi wewe, kule kwetu, mkivusha ng'ombe na mto umejaa, nani anaingia kwanza majini?”

Mdogo wangu tulikuwa tumeshapanga naye, lakini alijibu kwa sauti ya maigizo ya shule, nikataka kumfinya. “Kijana, dada! Kijana ndiye anayetangulia!”

“Na mzee mwenye kundi?”

“Mzee anabaki ukingoni nyuma, dada! Anauona mto wote, anaona kijana kazama wapi, ndipo anasema ng'ombe wapite hapa!”

“Kwa hiyo mtu akimtanguliza mzee mtoni...”

“Huyo hamtakii mema, dada!”

Cherehani yangu ilikuwa inazunguka bila kitambaa. Barazani nilisikia kikombe kinawekwa chini. Nilisikia fimbo, na hatua, na mlango ukatiwa kivuli. Nikapiga magoti hapo hapo bila kugeuka, nikijiambia sasa nimevunja nyumba.

“Na kikaoni,” ikasema sauti ya mzee juu ya kichwa changu, taratibu, kama mtu anayehesabu ng'ombe wanaotoka zizini, “anaanza kusema mdogo. Mkubwa anafunga maneno akishasikia wote.”

“Ndiyo, baba.”

“Kumbe mmekuwa mnanitosa mtoni kila jioni.”

“Ndiyo, baba. Kwa heshima, baba.”

Alicheka. Ilianza kama kikohozi, nikaogopa presha, kisha ikawa kicheko kizima cha mtu mkubwa, kikamfuata mpaka kwenye kiti na hakikumwacha. Mdogo wangu akacheka. Mtoto akaamka mgongoni akalia, naye tukamcheka. Mzee alifuta macho na kona ya shuka lake akaniagiza niondoe sare mezani, mara moja, mchana ule ule, wateja wasubiri.

Nilitangulia. Nilichagua upande, nikaweka vizuizi vyangu kwa ujanja wangu wote, nikaacha njia moja tu, nyembamba, kati ya jiwe langu na shamba langu la pamba. Nilikuwa na hakika haionekani. Mzee alizunguka meza mara moja mikono nyuma. Hakugusa jiwe lake hata moja. Alichukua kitambaa cha kijani, ile ngitili, akakilaza katika njia yangu nyembamba, akakinyoosha kwa kidole, akaketi.

“Kiangazi bado,” akasema.

Kundi langu lote lilibaki nyumbani likitazama maji kwa mbali, ng'ombe wake wakanywa wakarudi wamejipanga. Nilitaka ashinde, nilikuwa nimeomba ashinde, lakini sikuwa nimeomba ashinde namna ile. Nilikasirika mpaka nikamdai mchezo wa pili, nikasahau kabisa kuinamisha macho. Akanipiga na huo. Jioni akampiga mwanawe, kesho yake akampiga mdogo wangu, na mtaani wakaanza kuja wazee wenzake kutazama. Mwangaluka zao zilikuwa zinafika asubuhi kabla sijafunua cherehani.

Nilidhani nimemaliza kazi, nami nikajipongeza. Kumbe nilikuwa nimemkatia mtu suti ya safari. Pamba ilipoanza kupelekwa kwenye mizani mzee akatangaza, uso unang'aa, kwamba sasa amepona. Kichwa kipo, ameshuhudia mwenyewe, na mtu mwenye kichwa chake halindwi mjini kama kifaranga. Atarudi Kimali Jumatatu. Alilisema kwa furaha tupu, akaniambia hata ng'ombe wa udongo ananiachia.

Jumapili, baada ya kanisa na chakula, alituita tukae kikao cha kuagana. Mume wangu alivaa shati jeupe kama anayezika. Mzee alikaa kwenye kiti chake, mimi na mdogo wangu kwenye mkeka. Nilijua kitakachotokea: atasema nimeamua, tutaitikia, tutapiga makofi matatu ya heshima, na kesho basi la asubuhi. Lakini mzee akapenda mno kanuni yake mpya.

“Leo tutafanya kama mezani,” akasema. “Mdogo atangulie kuweka vyake. Mimi nitaweka vyangu mwisho.”

“Mdogo kabisa amelala,” akasema mume wangu.

“Anayefuata.”

Mdogo wangu akasema yeye ni mgeni, hana neno, ila mzee akiondoka yeye atabaki anacheza na dada yake peke yake, na dada yake akishindwa anakuwa na mdomo. Mzee akaitikia kwa kichwa kwamba hilo analijua. Kisha akanigeukia mimi. Akanitazama moja kwa moja, jambo ambalo si la kawaida yetu.

“Mayu. Weka.”

Sikuwa na namna. Miaka yote ya kunyamaza haikunifundisha kuanza. Nilitazama mkeka nikasema hivi, nakumbuka kila neno kwa sababu maneno yalitoka yamekauka: “Baba, mimi sitaki uende. Vidonge ni kweli, kule hakuna wa kukukumbusha, na ukifa kwa kusahau kidonge sitamsamehe mtu, hata wewe. Lakini siyo vidonge tu. Baba yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo. Sijawahi kukaa na mtu mzima akanishinda, akanicheka, nikakasirika, na bado nikaingoja jioni. Ukienda nitashona tu.”

Mdogo wangu alikuwa amenishika kisigino chini ya kanga.

Mume wangu, mwalimu, mtu wa maneno mbele ya darasa, akasema kwa kifupi kwamba siku baba alipoanguka zizini yeye ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari, na alikuwa mwepesi. Akasema hakuwahi kujua kwamba baba yake ni mwepesi, na kwamba hataki kumbeba tena. Alipomaliza alivua miwani akaisafisha na lile shati jeupe.

Zamu ikawa ya mzee. Alizungusha macho kwetu, kwa mdogo wangu, kwangu, kwa mwanawe, taratibu, kama anayezunguka meza. Akashika fimbo, akaiweka chini.

“Nilikuja na njia yangu,” akasema hatimaye. “Mmeziba kote.”

Akanigeukia mimi tena.

“Kliniki ni Jumanne?”

“Jumanne, baba,” nikasema. “Saa mbili.”

“Basi mniamshe. Wewe, mayu, uniamshe. Huyu mwanangu akiachiwa, nitaamshwa Jumatano.”

Nikasema ndiyo, baba, nikainuka nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo mdogo wangu alikuwa ameshaviosha.